Antena Ndogo za Pachi kwa Mawasiliano ya Simu ya Masafa ya Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa zaidi na wanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano, mafundi wa bodi za saketi, na wabunifu wanaohama kutoka masafa ya kawaida ya simu kwenda masafa ya milimita, yaani yale ambayo urefu wa wimbi lake ni milimita chache. Mifano miwili ya hesabu inatumika mwanzo hadi mwisho: pachi ya gigahezi 3.5 iliyochorwa juu ya bodi ya kawaida ya FR-4, na pachi ya gigahezi 28 iliyochorwa juu ya bodi ya RT/duroid 5880 ya Rogers. Namba zake zinarejelewa katika majibu ya mbele, kwa hiyo ni vema kupitia swali la 4 kabla ya kuruka kwenye swali lako.

## Misingi

1. Antena ya pachi ni nini, na mawimbi hutokea sehemu gani?

Ni kipande bapa cha shaba, aghalabu cha mstatili, kilicho juu ya tabaka la kihami ambalo upande wake wa chini umefunikwa na shaba yote, yaani bamba la ethi. Urefu wa kipande hicho hukaribia nusu ya urefu wa wimbi ndani ya kihami. Kikilishwa umeme wa masafa hayo, volteji huwa kubwa kwenye ncha mbili za urefu, moja ikiwa chanya wakati nyingine ni hasi, ilhali katikati huwa sifuri.

Wengi hudhani uso wa shaba ndio unaotoa mawimbi. Kwa kweli mawimbi hutoka kwenye kingo mbili za ncha hizo, pale uga wa umeme unapochomoza nje ya ukingo kabla ya kushuka kwenye bamba la ethi. Kwa kuwa volteji za ncha hizo zimepishana, uga unaochomoza pande zote mbili huelekea upande mmoja, nao huongezana kuelekea juu ya bodi. Ukilishika hili, sehemu kubwa ya majibu yanayofuata itajieleza yenyewe: chochote kinachobana uga huo wa ukingoni hupunguza uwezo wa antena kutoa mawimbi.

Wazo hili lilitolewa na Georges Deschamps mwaka 1953, lakini lilikaa karibu miaka 20 hadi bodi zenye upotevu mdogo zilipopatikana na wahandisi kama Robert Munson na John Howell wakaliweka katika matumizi miaka ya 1970.

2. "Masafa ya juu" ya simu ni yapi hasa?

Viwango vya 3GPP, ushirika wa kimataifa unaoandaa viwango vya simu, vinagawa masafa ya 5G katika makundi mawili. Kundi la kwanza, FR1, linaanzia megahezi 410 hadi gigahezi 7.125. Kundi la pili, FR2, lilianza na gigahezi 24.25 hadi 52.6, kisha likapanuliwa hadi 71. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2019 ndio ulioainisha bendi za gigahezi 24.25 hadi 27.5, 37 hadi 43.5, na 66 hadi 71 kwa huduma za simu.

Mitandao ya 5G iliyozinduliwa kibiashara Kenya na Tanzania mwaka 2022 inategemea bendi za kati, zilizo chini ya gigahezi 6. Hivyo mbunifu aliye Nairobi au Dar es Salaam ana uwezekano mkubwa wa kukutana na pachi ya gigahezi 3.5 kazini, na ile ya gigahezi 28 kwenye maabara ya chuo. Ndiyo maana ukurasa huu unazishughulikia zote mbili.

3. Kwa nini pachi ipendelewe kuliko antena nyingine?

Huchorwa kwa njia ileile inayochora saketi nyingine, haina kimo, na bamba lake la ethi hukinga saketi zilizo nyuma. Udhaifu wake mkuu ni upana mdogo wa bendi, yaani eneo la masafa ambamo antena hufanya kazi vizuri, jambo linalojadiliwa katika swali la 12.

## Vipimo vya pachi

4. Urefu na upana wa pachi huhesabiwaje?

Anza na mambo matatu: masafa (f), thamani ya dielektriki ya bodi (εr, inayoonyesha kiasi ambacho kihami hufupisha wimbi), na unene wa bodi (h). Upana unaofaa ni W = c/(2f) × √(2/(εr + 1)), ambapo c ni kasi ya mwanga. Kwa kuwa sehemu ya uga hupita hewani, wimbi haliioni εr kamili bali thamani iliyopungua kidogo: εe = (εr + 1)/2 + (εr − 1)/2 × 1/√(1 + 12h/W). Kisha uga unaochomoza ukingoni huifanya pachi ionekane ndefu kuliko shaba ilivyo, na nyongeza hiyo kwa kila ncha ni ΔL = 0.412h × [(εe + 0.3)(W/h + 0.264)] / [(εe − 0.258)(W/h + 0.8)]. Urefu wa kuchora ni L = c/(2f√εe) − 2ΔL.

Kwa gigahezi 28 juu ya bodi yenye εr ya 2.2 na unene wa milimita 0.254, W ni takriban milimita 4.23, εe ni 2.06, ΔL ni milimita 0.133, na L ni milimita 3.47. Kwa gigahezi 3.5 juu ya FR-4 yenye εr ya 4.4 na unene wa milimita 1.6, W ni takriban milimita 26 na L ni milimita 20.

Vipimo hivi ni pa kuanzia tu. Laini ya kulisha, konekta na kingo za bodi havimo kwenye kanuni hizo, na ni kawaida uigaji wa kompyuta kudai urefu urekebishwe kwa asilimia moja au mbili. Anayepeleka mchoro kiwandani moja kwa moja kutoka kwenye kikokotoo cha intaneti anajitafutia gharama ya bodi ya pili.

5. Ikiwa pachi ya gigahezi 28 ina urefu wa milimita tatu na nusu, kuna haja gani ya kuifinya?

Mara nyingi haja hiyo haipo, na ni vizuri kulisema hili mapema kwa sababu miradi mingi ya wanafunzi huchukua mbinu za kufinya pachi za masafa ya chini na kuzihamishia kwenye masafa ya milimita bila kuuliza zinatatua tatizo gani. Kwenye gigahezi 3.5 ndani ya simu, pachi ya milimita 26 kwa 20 ni kubwa kweli, kwa sababu inagombea nafasi na betri, kamera na antena nyingine. Kwenye gigahezi 28, konekta peke yake ni kubwa kuliko pachi.

Kinachobana kwenye masafa ya milimita ni mambo mengine matatu. La kwanza ni nafasi kati ya pachi na pachi ndani ya safu (swali la 14). La pili ni laini za kulisha, ambazo hula eneo na nguvu kuliko pachi zenyewe. La tatu ni unene wa moduli nzima inayopaswa kuingia ukingoni mwa simu. Moduli ya QTM052 iliyotangazwa na Qualcomm mwaka 2018 ilikusudiwa simu moja iweze kubeba hadi nne, ili mkono ukiziba moja, nyingine iendelee kufanya kazi. Katika mazingira hayo, udogo unaotafutwa ni wa moduli yote, kuanzia saketi za redio hadi pachi.

## Bodi na shaba

6. Je, FR-4 inafaa?

Kwa gigahezi 3.5 inafaa kwa kujifunza na kwa vifaa vya bei ya chini, mradi ujue unachopoteza. Kipimo cha upotevu cha FR-4 (tan δ) ni karibu 0.02, maana yake ni kwamba ubora (Q, yaani uwiano wa nishati inayohifadhiwa na ile inayotoka au kupotea) unaowekewa kikomo na kihami, yaani kinyume cha tan δ, ni 50. Pachi yetu ya gigahezi 3.5, kama isingekuwa na upotevu wowote, ingekuwa na ubora wa takriban 44 unaotokana na utoaji wa mawimbi. Namba hizo mbili zikilinganishwa, ufanisi ni (1/44) gawanya kwa (1/44 + 1/50), yaani karibu asilimia 53. Takriban nusu ya nguvu uliyoingiza inapasha moto bodi.

RT/duroid 5880 ina tan δ ya 0.0009 ikipimwa kwenye gigahezi 10. Hesabu hiyohiyo kwa pachi ya gigahezi 28, ukijumuisha na upotevu wa shaba laini, inatoa ufanisi wa zaidi ya asilimia 90, kabla ya kutoa mawimbi yanayokimbia juu ya uso wa bodi (swali la 7).

Tatizo la pili la FR-4 ni kutotulia kwa εr yake. Jina hilo linataja daraja la bodi ya nyuzi za kioo na resini isiyoshika moto, wala si mchanganyiko mmoja wenye thamani moja. Bodi uliyodhani ni 4.4 ikiwa 4.2, pachi ya gigahezi 3.5 itaitika karibu megahezi 80 juu ya ulipokusudia, na hiyo ni zaidi ya upana wote wa bendi unaotabiriwa na kanuni ya swali la 12. Kwa gigahezi 28, FR-4 ya kawaida isitumike.

7. Bodi iwe nene kiasi gani?

Bodi nene hupanua bendi, na kwa sababu hiyo kila mbunifu hushawishika kuongeza unene. Kinachomzuia ni mawimbi ya uso: sehemu ya nguvu hunaswa ndani ya kihami, hukimbia kando hadi mwisho wa bodi, na kutokea huko ikiharibu umbo la mwale. Wimbi la kwanza la aina hiyo halina masafa ya chini ya kuanzia, kwa hiyo daima lipo. Tunachodhibiti ni kiasi chake.

Kanuni inayotumika sana ni kuufanya unene usizidi 0.3λ/(2π√εr), ambapo λ ni urefu wa wimbi hewani. Kwa gigahezi 28 na εr ya 2.2, jibu ni karibu milimita 0.35. Bodi za 5880 huuzwa kwa unene wa milimita 0.127, 0.254, 0.381, 0.508 na zaidi. Ile ya 0.254 iko ndani ya kikomo, ya 0.381 imekivuka kidogo, na ya 0.508 inahitaji sababu nzito.

8. Aina ya shaba na umaliziaji wake vina tofauti gani?

Kwenye gigahezi 3.5, tofauti ni ndogo. Kwenye gigahezi 28 mkondo hupita ndani ya kina cha takriban mikromita 0.4 tu kutoka usoni mwa shaba. Shaba iliyopakwa kwa umeme huwa na mikwaruzo ya upande wa kihami inayofikia mikromita moja hadi tatu, yaani mikubwa kuliko kina chenyewe cha mkondo, na mkondo hulazimika kupanda na kushuka kila mkwaruzo. Ukiagiza bodi, taja shaba iliyoviringishwa au ile yenye uso laini.

Dhahabu juu ya nikeli, umaliziaji unaopendwa na viwanda vingi, una nikeli yenye usumaku na upotevu mkubwa, na dhahabu iliyo juu yake ni nyembamba mno kuubeba mkondo wote. Fedha ya kuzamisha ni chaguo bora. Rangi ya kijani ya kukinga saketi nayo iondolewe juu ya pachi na laini zake.

## Kulisha na konekta

9. Njia ipi ya kulisha inafaa?

Tatizo la msingi ni kwamba impidansi (uwiano wa volteji na mkondo) ukingoni mwa pachi huwa kubwa, mara nyingi kati ya omu 150 na 300, wakati vifaa vyote vinataka omu 50. Njia rahisi ni kuingiza laini ndani ya pachi kwa kuchonga mapengo mawili pembeni mwake. Impidansi hushuka kadiri unavyokaribia katikati, kwa kufuata mraba wa kosaini ya πy/L. Tuseme ukingoni ni omu 250: kosaini inapaswa kuwa mzizi wa 0.2, yaani 0.447, na y inakuwa 0.352L, sawa na milimita 1.22 kwa pachi yetu ya gigahezi 28.

Hapa ndipo udogo unapoanza kuuma. Laini ya omu 50 juu ya bodi hiyo ina upana wa karibu milimita 0.78, na pachi nzima ina upana wa milimita 4.23. Ukiongeza pengo la kila upande, umechonga zaidi ya robo ya upana wa pachi, na laini yenyewe inaanza kutoa mawimbi yake yanayoharibu usafi wa uelekeo wa wimbi. Suluhisho la muda ni laini nyembamba yenye impidansi kubwa ikifuatiwa na kibadilishi cha robo ya wimbi. Suluhisho la kudumu ni kuihamisha laini chini ya bamba la ethi na kupitisha nguvu kwa ufa uliokatwa kwenye bamba hilo, njia iliyoelezwa na David Pozar mwaka 1985. Inahitaji tabaka mbili za kihami zilizopangwa kwa usahihi, lakini inakuruhusu kuchagua bodi nyembamba kwa ajili ya laini na nyingine kwa ajili ya pachi.

Sindano inayotoboa bodi kutoka nyuma ni nzuri kwa gigahezi 3.5. Kwa gigahezi 28 kipenyo chake hakiwezi tena kupuuzwa, na tabia yake ya koili inapaswa kuwekwa kwenye uigaji.

10. Konekta ya SMA niliyo nayo itafanya kazi?

SMA za kawaida hufanywa kwa ajili ya kufika gigahezi 18, na zile bora hufika 26.5. Kwa gigahezi 28 tumia konekta ya milimita 2.92, inayofika gigahezi 40 na ambayo huingiliana na SMA bila adapta. Chagua ile inayobana ukingo wa bodi kwa skrubu, kwa sababu tone la risasi ya kulehemu lililozidi kwenye pini ya kati linatosha kuharibu ulinganifu wa impidansi.

## Kufinya na gharama zake

11. Njia zipi hutumika kufinya pachi?

Ya kwanza ni kutumia kihami chenye εr kubwa. Mfano wake umo ndani ya vifaa vingi vya kufuatilia mabasi na malori: ukifungua kasha utakuta kigae cha seramiki cha mraba chenye upande wa milimita 25, kimepakwa fedha juu, na pini moja iliyolehemiwa kando kidogo ya katikati. Hiyo ni pachi ya GPS ya megahezi 1575.42. Nusu ya wimbi hewani kwa masafa hayo ni milimita 95, na ni seramiki yenye εr inayokaribia 20 iliyoishusha hadi kutosha kwenye kigae hicho. Njia hiyo inafaulu kwa GPS kwa sababu mawimbi yake ya kiraia yana upana wa megahezi chache tu. Mtandao wa simu unadai mamia ya megahezi, na seramiki hiyohiyo ingeshindwa.

Ya pili ni kuunganisha katikati ya pachi, pale volteji ilipo sifuri, na bamba la ethi kwa safu ya matundu yaliyopakwa shaba, kisha kutupa nusu nyingine. Urefu unabaki robo ya wimbi. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa gigahezi 3.5 ndani ya simu. Kwa gigahezi 28 urefu uliobaki ni chini ya milimita mbili, na matundu ya milimita 0.2 au 0.3 yanakuwa sehemu kubwa ya antena yenyewe.

Ya tatu ni kukata nyufa kwenye pachi ili mkondo uzunguke njia ndefu, au kwenye bamba la ethi chini yake. Ufa ulio kwenye bamba la ethi hutoa mawimbi nyuma pia, jambo linaloondoa faida moja kati ya zilizotajwa katika swali la 3. Maumbo ya kujirudia ndani kwa ndani hupendwa sana katika tasnifu kwa sababu yanavutia machoni. Pachi ya mstatili yenye ukingo uliounganishwa na ethi mara nyingi hupata udogo uleule kwa usumbufu mdogo zaidi.

12. Kwa nini upana wa bendi hupungua kila ninapoifinya antena?

Kwa sababu kuna kikomo cha maumbile ambacho hakuna umbo linaloweza kukikwepa. Mwaka 1948 L. J. Chu alionyesha kwamba antena isiyo na upotevu, inayotosha ndani ya tufe lenye nusu kipenyo a, haiwezi kuwa na ubora mdogo kuliko takriban 1/(ka)³ + 1/(ka), ambapo k ni 2π/λ. Ubora mkubwa maana yake ni bendi nyembamba. Ukiwa tayari kwenye eneo la antena ndogo sana, kupunguza nusu kipenyo kwa nusu kunaukuza ubora karibu mara nane. Pachi bapa haitumii tufe lote, kwa hiyo hali yake ni mbaya kuliko kikomo hicho.

Hata bila kufinywa, pachi ina bendi nyembamba. Upana wake hukadiriwa kwa 3.77 × (εr − 1)/εr² × (W/L) × (h/λ). Pachi yetu ya gigahezi 28 inapata asilimia 2.7, karibu megahezi 760. Bendi ya n261 inayotumika Marekani ina upana wa megahezi 850, na n257 ina gigahezi 3 nzima, yaani karibu asilimia 11. Kwa hiyo pachi moja sahili haifuniki hata ile ndogo.

Njia inayoaminika ya kupanua ni kuweka pachi ya pili juu ya ya kwanza, ikitenganishwa na tabaka la kihami chenye εr ndogo. Kila moja huitika kwenye masafa tofauti kidogo, na bendi zake huungana hadi kuzidi asilimia 10. Njia nyingine ni ufa wa umbo la U kwenye bodi nene, ukikubali gharama ya swali la 7.

## Safu za pachi

13. Kwa nini gigahezi 28 hutumia pachi nyingi badala ya moja?

Kwa umbali wa mita 100 hewani bila kizuizi, upotevu kati ya antena mbili zinazotoa mawimbi sawa pande zote ni desibeli 83.3 kwa gigahezi 3.5 na desibeli 101.4 kwa gigahezi 28. Tofauti ni desibeli 18. Sasa angalia eneo: kwa kuwa 28 ni mara nane ya 3.5, mraba wa nusu wimbi uliobeba pachi moja ya gigahezi 3.5, wenye upande wa milimita 43, unabeba pachi 64 za gigahezi 28. Pachi 64 zikilishwa pamoja bila upotevu huongeza geini (kiasi ambacho antena hukusanya nguvu kuelekea upande mmoja) kwa desibeli 18. Eneo lilelile limerudisha kilichopotea.

Gharama iko kwingine. Mwale wa safu ya 8 kwa 8 una upana wa nyuzi 13 hivi, kwa hiyo ni lazima uelekezwe kwa kubadilisha fezi ya kila pachi, na saketi za kufanya hivyo zinatumia umeme na kutoa joto. Laini za kulisha pachi 64 nazo zina upotevu wake, ndiyo sababu saketi za redio huwekwa moja kwa moja nyuma ya bodi ya antena badala ya kuunganishwa kwa kebo.

14. Nafasi kati ya pachi iwe ngapi?

Ili mwale uweze kuelekezwa hadi pembe θ bila mwale wa pili kujitokeza upande mwingine, umbali kutoka katikati hadi katikati uwe chini ya λ/(1 + sin θ). Kwa nyuzi 60 ni 0.536λ, yaani milimita 5.7 kwa gigahezi 28. Wabunifu wengi hutumia nusu wimbi, milimita 5.36.

Pachi yenye upana wa milimita 4.23 ikiwekwa kwenye nafasi hiyo, inabaki milimita 1.1 tu kati ya ukingo na ukingo, na hapo ndipo laini ya kulisha ingetakiwa kupita. Hii ndiyo hali inayohalalisha kufinya pachi ya masafa ya milimita: kupunguza upana kidogo, au kupanda hadi εr ya 3 au 3.5, huacha nafasi na kupunguza nguvu inayovuja kutoka pachi moja kwenda jirani yake.

## Kupima

15. S11 yangu imeshuka chini ya desibeli −10. Je, kazi imekwisha?

Hapana. Kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba zaidi ya asilimia 90 ya nguvu haikurudi kwenye chanzo. Hakisemi imekwenda wapi. Kizuizi cha omu 50 kilicholehemiwa kwenye konekta kina S11 nzuri kuliko antena yoyote, na hakitoi wimbi hata moja la maana. Bodi yenye upotevu mkubwa hufanya jambo hilohilo kwa kiasi: pachi ya FR-4 itaonyesha bendi pana kuliko kanuni ya swali la 12 inavyotabiri, na ziada hiyo ni joto.

Pima geini kwa kuilinganisha na antena ya pembe inayojulikana, ndani ya chumba kisichorudisha mawimbi, kwa umbali usiopungua 2D²/λ, ambapo D ni kipimo kirefu zaidi cha antena. Safu ya 8 kwa 8 ya gigahezi 28 ina ulalo wa takriban milimita 60, hivyo umbali wa sentimita 70 unatosha.

16. Antena imeitika mbali na masafa niliyokusudia. Nianze kuangalia wapi?

Anza na usahihi wa uchoraji. Kosa la milimita 0.05 kwenye urefu huhamisha pachi ya gigahezi 3.5 kwa megahezi 8, ambazo hakuna atakayezigundua, lakini huhamisha ile ya gigahezi 28 kwa takriban megahezi 375, ambazo ni nusu ya bendi yake. Pima shaba yenyewe kwa hadubini kabla ya kulaumu programu. Kisha angalia εr: hata 5880, yenye uvumilivu wa ±0.02, inaweza kuhamisha masafa kwa megahezi 120 hivi. Baada ya hapo angalia kulehemu kwa konekta (swali la 10).

17. Sina VNA (kifaa cha kupimia S11) ya gigahezi 28. Nifanyeje?

Jenga mfano uliokuzwa. Ukizidisha kila kipimo mara tano, unene wa bodi ukiwemo, pachi yetu inakuwa na milimita 21.2 kwa 17.3 juu ya bodi ya milimita 1.27, nayo huitika gigahezi 5.6, masafa yanayofikiwa na VNA ndogo za bei nafuu kama LiteVNA. Umbo la mwale, impidansi na upana wa bendi vitafanana sana. Kisichokuzwa sawasawa ni upotevu wa shaba na athari ya mikwaruzo, kwa hiyo ufanisi uliopima utakuwa mzuri kuliko wa antena halisi. Kwa uigaji, openEMS ni programu huria inayotosha kazi hii. HFSS na CST ni za kulipia.

## Hali za pembeni

18. Ninahitaji kibali kurusha mawimbi wakati wa majaribio?

Kwenye bendi zilizopewa kampuni za simu, ndiyo. Wasiliana na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, au UCC kwa Uganda kabla ya kurusha nje ya chumba kilichozibwa. Kanuni za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zimetenga gigahezi 24 hadi 24.25 kwa vifaa vya viwanda, sayansi na tiba, na maabara nyingi huona ni rahisi kuhamishia mfano wa mafunzo huko, lakini masharti ya nguvu bado ni ya nchi husika.

19. Je, antena hizi ni salama karibu na mwili?

Mwongozo wa mwaka 2020 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyo ya ioni, unatumia kipimo tofauti juu ya gigahezi 6, kwa sababu nishati huishia kwenye ngozi badala ya kuingia ndani. Kwa umma, kikomo ni wati 20 kwa mita ya mraba zinazofyonzwa, wastani ukichukuliwa kwenye eneo la sentimita 4 za mraba kwa dakika 6. Mbunifu wa safu akumbuke kwamba mwale uliokusanywa hufikia kikomo mapema kuliko pachi moja yenye nguvu ileile.

20. Kasha la plastiki litaathiri nini?

Kasha linaloigusa pachi huongeza εe na kushusha masafa, kwa hiyo liwekwe kwenye uigaji tangu mwanzo. Likiwa mbali kidogo, tatizo ni mawimbi yanayorudi. Unene wa nusu wimbi ndani ya plastiki hufuta marudio hayo: kwa plastiki ya ABS yenye εr ya 2.8 na gigahezi 28, ni milimita 3.2. Katika simu, ambamo unene huo haupatikani, kasha jembamba iwezekanavyo ndilo linalobaki, na fremu ya chuma hukatwa dirisha mbele ya moduli.

21. Antena itafungwa nje, Mombasa au Tanga. Kuna la ziada?

Unyevu na chumvi. FR-4 hunyonya maji zaidi kuliko bodi za plastiki ya PTFE kama 5880, na maji yana εr kubwa mno, kwa hiyo pachi iliyorekebishwa katika maabara yenye kiyoyozi huteremka masafa ikikaa kwenye hewa ya bahari. Fedha ya kuzamisha iliyopendekezwa katika swali la 8 hupoteza mng'ao na kuliwa haraka ikikutana na chumvi, hivyo inahitaji kasha lililozibwa kwa mpira, lenye kitundu cha kupumulia kilichofunikwa kwa utando usiopitisha maji. Kasha lililozibwa kabisa bila kitundu hicho huvuta unyevu kupitia konekta kila jioni hewa ya ndani inapopoa.